Maswali na Majibu: Makala ya Mkonge Isiyowaingia Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Muheza, mkoani Tanga. Nimewaandikia wanafunzi wangu wa kidato cha pili makala kuhusu mkonge, ambayo nimeiambatisha. Tarehe na takwimu zote nimezihakiki, lakini wanaisoma na kuisahau siku hiyo hiyo. Sitaki kuzua visa. Je, ipo namna ya kuiandika iwateke bila kuacha ukweli?

JIBU: Mwalimu, namna ipo, wala haidai uongo hata chembe. Tatizo la makala yako haliko kwenye takwimu bali kwenye mpangilio wake, kwani sentensi ya kwanza inasema kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, na kwamba kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika. Hapo umeuliza na kujibu kwa pumzi moja, na msomaji hakubakiwa na kazi yoyote.

Msimulizi wa ngano akisema "Paukwa", haendelei mpaka aitikiwe "Pakawa", na tangu hapo wasikilizaji wana sehemu yao katika hadithi. Kwenye karatasi hakuna wa kuitikia, kwa hiyo mwandishi hana budi kuiacha nafasi hiyo ndani ya sentensi zenyewe, kwa kuchelewesha jambo ambalo msomaji ameshaanza kulitaka. Ningeandika hivi: "Mwaka 1893 miche 1,000 ya mkonge iliagizwa kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, Ujerumani, kisha ikasafirishwa kuja pwani yetu. Iliyosalia hai ilikuwa 62." Ukweli ni ule ule, lakini baina ya sentensi hizi mbili mwanafunzi analazimika kuivuka bahari kwa akili yake, na ile miche 938 iliyopotea ataihesabu mwenyewe bila kuagizwa. Nakusihi usilijaze pengo hilo kwa dhoruba wala kwa nahodha mwenye huzuni. Huna ushahidi wa mambo hayo, na hata ungekuwa nao, ukimchorea msomaji kila kitu humwachii cha kuchora.

Takwimu nazo zinahitaji kuonekana. Umeandika kwamba katani, yaani nyuzi za mkonge, ni takriban asilimia 4 ya uzito wa jani bichi, jambo ambalo ni sahihi lakini halina umbo. Mwambie kwamba kilo 100 za majani zikipita kwenye korona, ile mashine inayotenganisha nyuzi na jani, nyuzi zinazopatikana ni kama kilo 4, na kilichobaki chote ni maji na makapi. Mwanafunzi wa Muheza aliyewahi kupita karibu na korona ataiongeza harufu kwa kumbukumbu yake. Neno "inasikitisha" liondoe kila lilipo, maana linamwamuru msomaji ahisi kabla hajaona.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile ya manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, na inaniuma kuona umeipa mistari miwili tu. Watu hawa walitoka mbali kuja kukata mkonge, nawe umewaita "nguvukazi", jina ambalo halina uso. Shuka hadi kwa mtu mmoja na siku yake moja. Kwa kuwa hutaki kuzua, mtafute mzee aliyewahi kukata mkonge, umwombe akusimulie kazi yake tangu alfajiri: panga, mwiba ulio kwenye ncha ya jani, utomvu unaowasha ngozi, jinsi majani yalivyofungwa na kuhesabiwa. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema. Pale usipojua mtu wa zamani aliwaza nini, usimwazie. Eleza alichokifanya, na mawazo yake msomaji atayatafuta mwenyewe.

Habari za kuporomoka kwa zao baada ya kamba za nailoni kuenea umeziweka mwanzoni, na hapo hazifai. Kijana aliyekwisha kuambiwa kwamba mkonge ulianguka hana sababu ya kuzifuatilia zile tani zaidi ya 200,000 za katani kwa mwaka za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Habari hizo za kuporomoka zihamishie mwishoni, aya moja inatosha.

Ukimaliza, wasomee darasani kwa sauti hadi mwisho wa aya ya kwanza, kisha unyamaze. Wakikuuliza ile miche 62 ilipandwa wapi, endelea kusoma. Wasipouliza lolote, irudie aya hiyo kabla ya kugusa nyingine.