RAV4 yangu ina fowili, mbona inaserereka kwenye theluji?

SWALI: Fundi, shikamoo. Huu ni msimu wangu wa pili wa baridi hapa Minnesota. Nina RAV4 ya 2017 yenye fowili, yaani inavuta kwa magurudumu yote manne. Juzi theluji ilipoanguka gari lilipanda kilima cha nyumbani bila shida yoyote, lakini nilipofika kwenye taa nikakanyaga breki, pedali ikaanza kutetemeka mguuni na gari likaserereka mpaka katikati ya makutano. Ni Mungu tu. Fundi aliyeniuzia matairi mawili ya nyuma mwezi wa kumi anasema fowili imekufa, nibadilishe difu, ile gia ya nyuma inayogawia magurudumu nguvu. Mwingine ameniambia nipunguze upepo wa matairi. Nimsikilize nani?
Muuguzi wa zamu ya usiku, Brooklyn Park

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimsikilize hata mmoja. La difu umeshajijibu mwenyewe: gari limepanda kilima chenye theluji bila kuhangaika. Fowili ingekuwa imekufa ungeijua pale pale nyumbani, matairi ya mbele yangezunguka bure na nyuma pasingekuwa na kinachosukuma. Pedali kutetemeka nako si ugonjwa, ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, inafanya kazi. Ikitetemeka, kandamiza usiachie. Mambo ya kupiga breki kidogo kidogo ni ya magari ya zamani.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha kila Novemba. Watu wetu wananunua RAV4, CR-V, Forester, kwa sababu ya hilo neno fowili, halafu wanaendesha kwenye theluji kama wako barabara ya Bagamoyo mwezi wa saba. Kazi ya fowili ni kugawa nguvu ya injini. Kwenye gari lako, muda mwingi ni magurudumu ya mbele yanayovuta. Unapoondoka, au ya mbele yanapoanza kuteleza, klachi ya umeme iliyo mbele ya difu ya nyuma inabana na kupeleka nguvu nyuma. Basi, hakuna kingine. Ukikanyaga breki, fowili haina la kukusaidia. Kila gari, hata Corolla ya kuvuta mbele, linafunga breki kwenye magurudumu yote manne. Pale kwenye taa hukuwa na kitu chochote ambacho mwenye Corolla hana.

Tena Corolla ingekuonya. Ingezungusha matairi pale kilimani, ungejua leo barabara haifai, ungekwenda pole pole. Fowili inakuficha habari hiyo. Unaondoka laini, unafika maili 40 kwa saa hujahisi lolote, na unakuja kujua kuna utelezi wakati unataka kusimama. Au kwenye kona. Au juu ya daraja, ambapo lami huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu baridi inaipiga chini na juu.

Kinachokusimamisha ni mpira unaogusa barabara. Tairi la misimu yote, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, linaanza kukakamaa, na wewe unatoka zamu alfajiri ya Januari ikiwa hasi 20. Ukivaa malapa kwenye sakafu yenye sabuni, hata uwe na miguu minne utaanguka. Angalia ubavu wa tairi lako. Herufi M+S peke yake zinaeleza umbo la kashata, yaani ile mikato ya tairi, hazisemi kwamba tairi lilipimwa kwenye theluji. Unachotafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hayo mawili ya nyuma. Umeuziwa matairi mawili mapya, mbele ukaachiwa yaliyochakaa, kwenye gari la fowili! Mbele ndiko unakopinda na ndiko breki inakofanya kazi kubwa. Halafu tairi lililoisha lina mzunguko mdogo kuliko jipya, kwa hiyo mbele na nyuma hayaendi mwendo mmoja, na ile klachi inaweza kusagika mpaka ife kweli. Mtu huyo huyo sasa anataka kukuuzia difu. Weka manne ya aina moja, ya saizi moja, kwa wakati mmoja.

Jipime mwenyewe leo. Chukua sarafu ya senti 25, iingize kwenye kashata la tairi la mbele kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona utosi wa kichwa chake, limebaki chini ya milimita 3 hivi. Polisi hatakugusa, sheria ya hapa inataka nusu ya hizo tu, ila kwa theluji hilo limekwisha.

Huyo wa kupunguza upepo mwambie hiyo ni ya mchanga wa ufukweni, gari linatambaa. Barabarani usukani unalegea na tairi linapata moto. Baridi yenyewe inakupunguzia upepo, karibu psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Jaza kufuata kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, asubuhi gari likiwa halijatembea.

Na nyie wengine mnaonunua matairi ya theluji ya mtumba kwenye magrupu ya WhatsApp kwa sababu "kashata bado zipo": someni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 4412, ni wiki ya 44 ya mwaka 2012. Kashata linaweza kuwa refu na mpira ukawa mgumu kama ubao. Muuzaji akikuletea picha tatu za kashata na hakuna hata moja ya ubavuni, achana naye. Akisema yeye mwenyewe aliyatumia bila tatizo, muulize alikuwa anaishi jimbo gani.