Mimi ni mhasibu tu, nitaiweza ofisi ya granti?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mhasibu hospitali moja ya rufaa kanda ya ziwa, mwaka wa nne huu niko dirisha la malipo. Nimepata kazi ya afisa granti, yaani wa kushughulikia fedha za wafadhili, kwenye taasisi ya utafiti wa afya ila mkataba ni mwaka mmoja, alafu sayansi mimi niliachana nayo tangu kidato cha pili. Nyumbani wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nifanyeje? Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Hilo la sayansi lisikunyime usingizi, mi mwenyewe niliingia sijui hata protokali, ule mpango wa utafiti ulioandikwa, ni nini. Anayetakiwa pale ni mtu wa kusoma masharti ya mfadhili mpaka mstari wa mwisho, maana watafiti wengi hawana muda huo, bajeti anakuletea dedlaini imebaki siku mbili na wewe ndo unaanza kumuuliza, ada ya kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, umeweka? mafuta ya gari la vijijini je? friji ya sampuli umeme ukikatika je? Na nauli za washiriki, hapo usimwachie kabisa, kuna mama atatoka Sengerema na mtoto mgongoni kwa ajili ya utafiti wenu, afike kliniki aambiwe nauli yake haikuwekwa kwenye bajeti, hiyo haikubaliki. Ukitegemea ovahedi, lile fungu la gharama za kuendesha ofisi, ndo izibe pengo utaumia, kwa miaka mingi NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilikuwa inazipa taasisi za nje 8% tu.

Nilipoanzia kazi, usajili wetu kwenye SAM, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, usajili unaotakiwa kuhuishwa kila mwaka, uliisha muda wake hakuna aliyeshtuka. Ombi likakwama, na daktari aliyeliandika miezi minne alikuja kulia ofisini kwangu. Mpaka leo naangalia tarehe zile kila mwezi.

Sasa mkataba. Hapo nyumbani wana hoja, siwezi kukuficha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake watu wengi walikosa kazi ghafla, Mei mwaka huohuo NIH nayo ikasitisha kutoa granti mpya ambazo chuo cha kwao kinagawia fungu taasisi ya nje. Kwahiyo uliza kabla hujasaini: mshahara wangu unalipwa na granti ngapi, za nani, zinaisha lini, NSSF inapelekwa? Wasiogope kukujibu. Kama ni granti moja peke yake, jaribu kwanza kuomba likizo bila malipo hapo ulipo, waajiri wengine wanakubali. Kama ziko mbili tatu za wafadhili tofauti, mi ningeenda.

Ila barua ya kuacha kazi usiipeleke mpaka mkataba mpya umesainiwa pande zote mbili na kopi yako unayo mkononi.