Akikuuma nyuki mmoja, kwa nini wengine wanakufuata wewe?

Dada yangu wa Pongwe, umeuliza kwa nini ukiumwa na nyuki mmoja tu mzingani, wenzake wanakuandama wewe na kumwacha mumeo aliyesimama pembeni. Si sura, ni harufu. Mwiba uliobaki kwenye ngozi unaendelea kutoa harufu ya hatari, na kiambato kikuu cha harufu hiyo ndicho hicho hicho kinachonukia kwenye ndizi mbivu. (Ndizi uzile ukisharudi nyumbani, tafadhali.)

Nyuki hunusa kwa vipapasio. Habari zinaingia sehemu ya ubongo yenye vifundo kama 160, na kila harufu huamsha mchanganyiko wake wa vifundo, ndivyo anavyoitambua, kama wewe unavyoijua pilau ya jirani bila kufunua sufuria.

Basi ukiumwa, ukwangue mwiba hapo hapo kwa ukucha, kisha pafukize. Mimi natumia makumbi ya nazi. Moshi huvipumbaza vipapasio kwa muda mfupi tu, dakika 10 hadi 20, kwa hiyo usiweke bomba la moshi chini ukaanza soga. Na ile ovaroli ya juzi yenye harufu ya miiba, umeifua?