Anko, hadi Lamu kweli?

SWALI: Shikamoo anko. Nasoma usanifu majengo hapa Dar, prodjekti yangu ni gesti ya mtindo wa Lamu. Supavaiza kanikomalia niende nikaone mwenyewe na mimi nauli sina, picha zipo kibao mtandaoni na ramani ya setilaiti ninayo. Kuna ulazima? – Mwanafunzi, Dar

JIBU: Marahaba mpwa. Ulazima upo. Picha itakuonyesha mlango wa nakshi na zidaka (vile vishubaka vya ukutani) basi, haikwambii kwa nini vyumba vya kule ni virefu halafu vyembamba. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti moja inavuka kama mita 2.5 hadi 3 hivi toka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo upana wa chumba kaupanga mti sio msanifu. Nyie mnachora sebule ya mita 6 zege tupu afu mnabandika viboriti vya urembo chini yake, mnaita Lamu 😂

Nenda na tepu na daftari, laptopu iache. Pima ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unakuta karibu nusu mita, afu ingia saa saba mchana jua kali usikie ubaridi wake. Kaa dakani, kile kibaraza cha mlangoni, uangalie mgeni anapokelewaje, maana njia ya kuingilia imepinda makusudi, aliye mtaani haoni ndani, na kwa gesti hilo ndo la kufikiria kuliko nakshi. Kuna nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, anza nayo, ila usiishie hapo, mtafute fundi wa chokaa anayekarabati sasa hivi umuulize saruji inafanya nini kwenye kuta zile. Atakuonyesha plasta ya saruji iliyobanduka kwa sababu unyevu na chumvi vimekosa pa kutokea.

Halafu piga hodi. Ndani ni kwa wanawake na familia, usiingie na kamera mkononi kama mtalii, kama we mwanaume tafuta mwanafunzi mwenzio wa kike muende wote. Barua ya chuo beba.

Nauli ikigoma kabisa badilisha prodjekti iwe Mji Mkongwe Zanzibar, ni boti tu hapo, mawe na chokaa na boriti utavikuta. Ila nyumba za pale zina mkono mkubwa wa Omani na Uhindi, kwa hiyo ukitoka huko usije ukaandika Lamu kwenye michoro.