Geti la ngazi halikai ukutani, na mtoto ameanza kutambaa

SWALI

Assalaam aleikum fundi. Twakaa nyumba ya zamani ya mawe huku Mkomani, Lamu, ghorofa mbili na dari juu, yaani paa tambarare la kukalia. Mtoto wetu ana miezi tisa, ameshaanza kutambaa, na juzi nilimkuta amejishikilia kwenye ngazi ya kwanza. Baba yake alileta geti la chuma kutoka Mombasa, lile la kubana ukutani kwa miguu ya mpira bila kutoboa. Halikai. Ukilikaza, chokaa yamomonyoka, na siku ya pili limelegea. Alileta pia vifuniko vya plastiki vya soketi na mipira ya pembe za meza. Chooni kuna birika, lile tangi la kujengwa la kuchotea maji, uani kuna kisima tumekifunika kwa bati, na jikoni twatumia gesi na seredani ya makaa. Tuanzie wapi, na hili geti tulifanyeje?

Mama wa Mkomani

JIBU

Wa aleikum salaam, mama. Umeuliza geti, lakini nitaanza na maji, maana mtoto akianguka ngazini utasikia kishindo na kilio. Akiingia kwenye birika husikii kitu. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito mno ukilinganisha na kiwiliwili chake. Akichungulia akapinduka, mikono haina nguvu ya kumrudisha, na maji yakishaziba pua na mdomo hakuna sauti inayotoka. Sentimita tano za maji zatosha.

Hata ndoo. Ndoo ya lita 20 ikiwa nusu ina kilo kumi za maji, karibu sawa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Ndiyo maana akitumbukia kichwa haipinduki ikamwaga maji. Inasimama imara vilevile. Kwa hiyo ndoo, beseni la kufulia na karai vimwagwe na kulazwa kifudifudi kila vinapomaliza kazi. Maji ya akiba yakae kwenye mtungi mwembamba wa mdomo, dumu lenye kizibo au pipa lenye kifuniko cha kufunga. Mlango wa choo utiwe komeo nje, mita moja na nusu kutoka sakafuni.

Birika lifanyiwe kifuniko cha mbao cha vipande viwili: nusu ya nyuma imefungwa moja kwa moja, nusu ya mbele ina bawaba, mnajifunulia mnapochota. Mbao ziwe na unene wa sentimita 2.5, chini yake mbavu za kukingama kila sentimita 40. Acheni nafasi ya sentimita moja kati ya mbao ili hewa ipite, na kwa ndani bandikeni wavu wa mbu. Kama mnafuga vile visamaki vya kula viluwiluwi, vitaendelea kuishi, kivuli hakiwadhuru. Kipimo cha kifuniko ni kimoja: mtu mzima akikalie. Kikipinda au kikiteleza hakifai, kwa sababu mtoto akishajua kusimama atakipanda.

Hapo ndipo bati la kisima linaponitia wasiwasi kuliko yote uliyoyataja. Bati lililolazwa tu ni mtego. Mtoto akiliona ni sakafu, anatambaa juu yake, linainuka upande mmoja na kumteremsha, kisha linarudi kufunika. Mtu akija kumtafuta anaona kisima kimefunikwa. Liondoe wiki hii. Mwambie fundi wa chuma akuchomelee fremu ya nondo zilizopakwa zinki, nafasi kati ya nondo na nondo isifike sentimita 10, ifungwe kwenye ukingo wa kisima kwa bawaba upande mmoja na kufuli upande wa pili. Kila palipochomelewa zinki imeungua, na kutu ya Lamu itaanzia hapo hapo, basi papakwe rangi ya zinki mara mbili kabla ya kufungwa.

Sasa geti. La kubana lilitengenezewa kuta zilizonyooka, za saruji ngumu. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na kupigwa lipu ya chokaa. Ukilikaza, mguu wa mpira unaitafuna lipu. Halafu kuta zenyewe hazitazamani sawasawa, juu panaweza kuwa papana kuliko chini kwa sentimita mbili tatu. Na hata kwenye ukuta wa saruji, geti la kubana halifai kileleni mwa ngazi: mtoto akiliegemea kwa kishindo linachomoka na kwenda naye, na ule mchuma wa chini unaovukwa humkwaza mama aliyembeba mtoto usiku. Litumieni kwenye mlango wa jikoni, kama kuna fremu ya mbao ya kulibania. Ngazini nendeni kwa seremala.

Mnahitaji mageti mawili, la juu ya ngazi na la chini. La juu litangulie.

Seremala aanze na mihimili miwili ya kusimama, mmoja kila ukuta, upana sentimita 7 na unene 4. Mvule au mbambakofi ni bora. Mvinje ni rahisi, ila uwe umekauka kweli, la sivyo utajipinda. Mihimili ifungwe kwa timazi hata kama ukuta umelala, na palipobaki mwanya nyuma patiwe vibanzi vya mbao. Baada ya hapo ndipo apime nafasi iliyobaki, chini, katikati na juu, na kufanya geti.

Tuchukue mfano nafasi imekuwa sentimita 82. Geti liwe 80, libaki sentimita moja kila upande. Fremu ya ubao wa sentimita 6 inakula 12, ndani zinabaki 68. Hapo panaingia fito tano za upana wa sentimita 4, na nafasi sita za sentimita 8 kila moja. Nafasi ikifika 10 kiwiliwili cha mtoto chaweza kupenya na kichwa kikabaki, na huko ndiko kunyongwa. Urefu wa geti sentimita 90, na uwazi wa chini usizidi 5. Fito zote zisimame wima. Mafundi wengi hupenda kutia ubao wa kukingama katikati, au ule wa mshazari, kwa ajili ya nguvu. Mkatalie. Kwa mtoto wa miaka miwili huo ni mguu wa kupandia. Geti la upana huu, viungo vyake vikiwa vya ulimi na tundu vilivyotiwa gundi, halihitaji mshazari.

Lifunguke kuja upande wa chumba, kamwe lisifunguke kuelekea ngazini, na kwenye mhimili kipigiliwe kipande cha ubao cha kulizuia lisipite. Komeo likae upande wa ngazi, sentimita 10 chini ya ukingo wa juu, ili mtu mzima apitishe mkono juu na kulifikia. Bawaba na skrubu zake ziwe za shaba au stenlesi. Zile za chuma cha kung'aa za dukani kwa upepo wetu wa chumvi huota kutu haraka, na bawaba iliyoshika kutu hufanya geti liwe zito, na geti zito huachwa wazi. Ajali nyingi za geti hazitoki kwenye geti bovu, zinatoka kwenye geti lililoachwa wazi.

Kuhusu kutoboa, hapa ndipo kazi huharibika, kwa hiyo msimamie fundi. Drili izimwe mpigo wa nyundo, izunguke tu. Nyundo hupasua lipu na kulegeza jiwe. Lipu ina sentimita 2 au 3, na haibebi kitu. Skrubu lazima iingie sentimita 5 ndani ya jiwe lenyewe. Mhimili 4, lipu 3, jiwe 5: skrubu ya stenlesi ya sentimita 12, unene milimita 6, na plagi ya milimita 8 iliyosukumwa hadi ivuke lipu. Skrubu nne kila mhimili. Unajua umefika kwenye jiwe pale unga laini mweupe unapogeuka chengachenga na drili inapata ukinzani. Ikiingia ghafla kama kwenye uji, umeangukia kiungo cha chokaa kati ya mawe. Hamia sentimita 5 juu au chini, na tundu la kwanza lizibwe kwa chokaa. Bolti za chuma za kutanuka zisitumike, zinakandamiza jiwe hadi linameguka.

Matundu yakikataa kabisa, chimbeni shimo la sentimita 10 kwa 10, kina 12, mzike ndani yake gogo la mbao ngumu kwa udongo wa chokaa na saruji kidogo. Liacheni siku saba, kisha mhimili ufungwe kwenye gogo. Hiyo haibanduki. Msiguse tu lipu yenye nakshi. Na kama mtawaza kuinua ukuta wa dari, huo ni mji wa Urithi wa Dunia tangu 2001, waulizeni kwanza watu wa uhifadhi wa Makumbusho.

Dari penyewe nashauri pafungwe, komeo juu, mtoto asipande bila kupakatwa. Ukuta wa ukingoni ukiwa chini ya sentimita 110 msiutegemee, na hata ukitimia, vyungu vya maua, kitanda cha kamba na dumu vikae zaidi ya mita moja kutoka ukingoni. Mtoto husukuma kitu, akakipanda.

Jikoni, kinachounguza watoto wengi ni chai na uji, moto wenyewe huja baadaye. Nasi tunakula mkekani. Chupa ya chai iko sakafuni, bakuli la mchuzi liko sakafuni, na mtoto anatambaa usawa huo huo. Akivuta ukingo wa mkeka vyote vinamjia. Chai iliyomiminwa huweza kuunguza ngozi yake hata robo saa baadaye. Hivyo vya moto vikae mezani au kwenye kidaka cha ukutani, vigawiwe kutoka huko, na anayekunywa chai asimpakate mtoto. Seredani na chetezo viwekwe juu ya kitu kisichofikika na kisichotikisika, na majivu yahesabiwe kuwa moto hadi kesho yake. Mbuzi ya kukunia nazi ikunjwe na kutundikwa, ule ulimi wake uko usawa wa jicho la mtoto.

Akiungua, mvue nguo isipokuwa iliyogandia, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Samli, dawa ya meno, yai na barafu viacheni.

Sumu: kwenye nyumba zetu ni mafuta ya taa na dawa ya kufulia madoa iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda ni ya soda. Akinywa mafuta ya taa msimtapishe wala kumpa maziwa, kwa sababu kinachoua ni mafuta kuingia mapafuni anapotapika. Mpelekeni hospitali pamoja na ile chupa. Na kuna piko, ambayo watu huisahau kwa kuwa ni kitu cha harusi na urembo. Ile rangi nyeusi ikimezwa huvimbisha uso na koo ndani ya saa chache na kuharibu figo. Msisubiri dalili. Vidaka vyenu vilivyo juu ya mita moja na nusu ni kabati tosha la piko, dawa za hospitali, sumu ya panya na betri zile bapa za saa na rimoti, ambazo zikikwama kooni huanza kuchoma ndani ya saa mbili.

Vya kupaliwa ni karanga, kunazi, na ubuyu. Ubuyu hasa, maana kila mgeni huja na kifuko. Mbegu yake inateleza na ina ukubwa wa kuziba koromeo. Asipewe mpaka miaka mitano, na mbegu zilizotemwa zifagiliwe.

Vifuniko vya soketi rudisheni dukani. Soketi yetu ya matundu matatu ya mraba ina vilango ndani. Hufunguka tu pale mguu mrefu wa juu unapoingia. Kifuniko cha plastiki kina mguu huo huo, na vingi havina vipimo sahihi: vikilegea hutoka kirahisi, vikikatika mguu hubaki ndani na vilango hukaa wazi, na mtoto akikigeuza juu chini huvifungua mwenyewe. Uingereza, walioianzisha soketi hiyo, idara ya afya iliagiza vifuniko hivyo viondolewe hospitalini mwaka 2016. Hatari iko kwenye ekstensheni za bei rahisi zenye matundu ya kila aina, ambazo hazina vilango. Hizo tupeni. Pesa mliyookoa mwiteni fundi wa umeme atie kwenye boksi kikatishio cha miliampia 30 cha kukata umeme unapovuja.

Mipira ya pembe za meza wekeni kama mnapenda, haidhuru. Gundi yake haidumu na joto hili, na ikibanduka ni kitu kingine cha kutiwa mdomoni.

Bati la kisima kabla ya Ijumaa. Seremala atahitaji kama siku tatu kwa geti la juu, na muda huo lazeni meza kubwa kileleni mwa ngazi, miguu ikielekea ngazini.