Wasomaji Wauliza: Kampuni Ikijenga Soko, Nani Analipa?

Swali: Wakubwa wa komini (serikali ya mtaa) wanasema kampuni italijenga soko letu upya, komini haitatoa hata franka moja, kisha kampuni italisimamia miaka 25. Hii ni zawadi?
*Mama muuza makayabu, Lubumbashi*

Jibu: Si zawadi, mama. Ni ubia wa serikali na sekta binafsi, ule ambao maofisini wanauita PPP. Kampuni inatanguliza pesa, halafu inazirudisha kwa ushuru wa meza mnaolipa ninyi. Komini haitoi franka, ila inatoa kiwanja na mapato ya miaka 25.

Tupige hesabu kwa mfano. Meza 200, ushuru franka 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: zikijaa zote, mwaka unaleta franka 31,200,000. Hazijai zote, kwa sababu ushuru ukipanda wengine wanashuka kuuzia barabarani. Weka asilimia 70, unapata 21,840,000. Toa walinzi, usafi, vyoo na maji, tuseme 8,000,000, zinabaki 13,840,000. Kama ujenzi ni franka 110,000,000, mtaji unarudi kwa miaka 8 hivi, bila riba. Mkopo ukiwa na riba ya asilimia 10, inafika karibu miaka 17! Kwa hiyo miaka 25 peke yake si wizi, lakini bila kuonyeshwa riba na gharama za ujenzi hakuna anayeweza kujua. Daini karatasi hizo kabla ya sahihi, maana baada ya sahihi mtaambiwa ni siri ya biashara.

Balaa kubwa huingia kwa mlango wa dola. Kampuni inakopa kwa dola, ninyi mnalipa kwa franka. Franka ikishuka, inakuja kuomba ushuru upandishwe. Mkataba useme tangu mwanzo ushuru unapandishwa kwa kanuni gani, mara ngapi kwa mwaka, na hasara gani inabaki kwa kampuni.

Angalieni pia kipengele kinachokataza komini kufungua soko jingine karibu. Kinafunga mikono kwa miaka yote ya mkataba. Na kabla ya kubomoa, orodha ya wenye meza iandikwe, ibandikwe ukutani, na mahali pa kuuzia wakati wa ujenzi pajulikane. Orodha isipokuwepo, meza mpya zinagawiwa watu ambao hawajawahi kuuza hata nyanya.

Mwisho wa mkataba soko linarudi kwa komini. Ukaguzi wa paa, mifereji na vyoo ufanyike miaka 2 kabla, na matengenezo yawe juu ya kampuni. Vinginevyo mtarudishiwa gofu.

Sheria ya Kongo inayohusu ubia huu ni nambari 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018. Kanuni yake ni ushindani, basi ulizeni ni kampuni ngapi zilileta bei.

Swali: Kampuni ya madini inataka kutujengea zahanati, inasema ni ubia na wananchi. Tukubali?
*Baba wa mtaa ulio karibu na mgodi*

Jibu: Zahanati pokeeni, jina hilo likataeni. Sheria ya Migodi (Code minier), kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inalazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii, na wawakilishi wenu washiriki kuisimamia. Huo ni wajibu wake.

Mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba, ni mfuko mwingine: asilimia 50 inaenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa komini, sekta au sheferi (eneo la chifu) ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kosa la kawaida ni zahanati moja kuhesabiwa mara mbili, kampuni ikiiweka kwenye 0.3 na komini ikiiandika kwenye 15. Ombeni ripoti zote mbili za mwaka mmoja, mzisome kando kwa kando. Ulizeni pia nani atalipa wauguzi na dawa, kwa sababu kuta peke yake hazitibu malaria.