Gharama ya kuwapima dawa za kulevya wabunge wa mabunge ya majimbo Marekani: kikombe cha mkojo ni rahisi, kazi iko kwingine

Wakuu, mtoa mada ameuliza kama kweli kuwapima kwa kushtukiza wabunge wa bunge la jimbo (si wa bunge la taifa), huku Marekani, ni ghali kama wanavyodai wanaopinga. Nimefanya kazi ya kuchukua sampuli za mkojo miaka minne hapa Indianapolis, jimbo la Indiana. Wateja wetu wengi walikuwa madereva wa malori, Wakongo na Wakenya wakiwemo, hivyo najibu kwa niliyoyaona.

Kipimo chenyewe si ghali. Kituoni kwetu kilikuwa dola 65, pamoja na maabara na daktari wa kuhakiki majibu. Bunge la Indiana lina watu 150. Ukipima nusu yao kwa mwaka, kiwango kilekile kinachotumika kwa madereva wa malori tangu Januari 2020, unapata vipimo 75, yaani dola 4,875. Hata New Hampshire yenye wabunge 424 haifiki dola 14,000. Kwa serikali ya jimbo hizo si fedha za kubishania.

Lakini hesabu hiyo ni ya dereva, mtu anayeambiwa na mwajiri "nenda sasa hivi" naye akaenda. Namkumbuka mmoja alishindwa kabisa kukojoa. Kanuni za shirikisho zinampa mtu muda wa saa tatu na maji yasiyozidi kama lita 1.2, na lazima awe na mtu wa kumwangalia muda wote. Alikaa saa mbili na nusu, lori na mzigo vimesimama nje, simu ya ofisini kwao haikatiki. Nilimwonea huruma sana. Sasa mweke pale mbunge siku ya kura ya bajeti: nani mwenye mamlaka ya kumtoa ukumbini?

Tena bunge letu si la mwaka mzima. Mwaka mmoja linafunga katikati ya Machi, mwaka unaofuata mwishoni mwa Aprili, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ukipima wakati wa vikao tu, mtumiaji anajua lini aache, maana kokeini hutoka kwenye mkojo baada ya siku chache. Ukitaka kushtukiza kweli, itabidi umfuate mtu mpaka Gary au Evansville, miji ya mbali pembezoni mwa jimbo, na anayetumwa alipwe mafuta na muda wake. Hapo dola 65 umeshaiacha mbali.

Na bado hujafika kwa mawakili, ambako ndiko fedha inakoishia. Georgia ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuwapima wagombea wa vyeo vya jimbo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba jimbo halikuonyesha tatizo lolote halisi la dawa za kulevya kwa viongozi wake, lilitaka ishara tu, na ishara haitoshi kumpekua mtu mwili. Louisiana nayo ilijaribu kwa viongozi wa kuchaguliwa, ikashindwa mahakamani. Na anayelishinda jimbo katika kesi kama hiyo anaweza kudai limlipie mawakili wake.

Kinachoniuma ni kwamba swali la gharama huja juu kikombe kinapowaelekea wakubwa. Florida mwaka 2011 iliwapima waombaji wa msaada wa fedha, watu wenye watoto na mifuko mitupu, nao walitakiwa walipie kwanza. Waliopimwa walikuwa 4,086, waliokutwa na dawa 108. Jimbo likawarudishia waliofaulu zaidi ya dola 118,000, kiasi kilichozidi kile lilichookoa, kabla mahakama haijausimamisha mpango huo. Hapa Indiana, mwaka 2012, muswada wa aina hiyo ulipoongezewa kipengele cha kuwapima wabunge wenyewe, mwenye muswada aliuondoa kwanza. Siku chache baadaye akaurudisha na kipengele hicho kikiwemo, na kwa hilo nampa heshima yake.

Mimi kwa sasa nawaona madereva wana sababu ya kupimwa: tani 36 barabarani si mchezo. Kwa mbunge sioni sababu hiyo, kama nisivyoiona kwa mama anayeomba msaada wa chakula.

Mtoa mada, kama muswada umeshafika kwenu, tafuta makadirio ya gharama yanayoambatana nao. Huwa yako wazi kwa wananchi. Usihangaike na bei ya kipimo. Angalia wameandika nini kuhusu kesi.